Masumbuko Hajaitika

Makambako, 4 Februari 2024

Bibi yangu mpendwa, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na moto ukiwaka jikoni, maana kama upepo wa huku Makambako uko hivi, baridi ya huko Njombe siiulizii. Mimi ni mzima. Viazi vimefika, na barua yako nimeikuta katikati ya gunia kama kawaida, ina udongo pembeni. Tangu nilipokuwa bweni Kidugala unanitumia barua ndani ya viazi, na hadi leo nikinunua viazi sokoni lazima nivipekue kwanza.

Uliniuliza nafanya nini nikishafunga duka la fotokopi, hadi macho yanakuwa mekundu. Si mwanamke, Bibi. Natengeneza gemu, mchezo wa kwenye simu. Mimi naandika, na Noela, yule anayechora mabango jirani na duka letu, anachora picha. (Najua sasa hivi umesema, "Si alisema si mwanamke?")

Iko hivi. Kuna kiumbe wa kale kuliko nyota, amelala chini ya reli hapa Makambako. Ukimtazama, akili inapungua. Ikiisha kabisa, unaanza kuongea na nguzo za umeme. Watu wanne wanakwenda kumzuia asiamke: mwendesha bodaboda, mwalimu mstaafu, muuza parachichi na mbuzi. Akili hurudi kwa kunywa chai ya tangawizi au pombe ya ulanzi. Hadithi za namna hii huwa za kutisha mno, watu wanazisoma wamejifunika shuka. Yetu inawacheka hao waliojifunika. Kiumbe anaitwa Ghl'uzothragg.

Idda wako hapo nyumbani ameshaliweka gemu kwenye simu yake. Cheza, halafu niambie ukweli, usinionee huruma.

Mjukuu wako na mume wako asiye na ng'ombe,
Remmy


Njombe, 13 Februari 2024

Mume wangu Remmy,

Kamwene. Sisi ni wazima. Kuku wawili wamekufa kwa baridi, tukawala, kwa hiyo usije na pole. Uvimbe wangu wa shingoni nao haujambo, unakula na kulala bila kufanya kazi.

Picha nimeiona. Idda anasema ile mikono ni ya pweza. Mimi pweza sijawahi kumwona, naona boga lililoachwa bila kupaliwa. Jina lake nimejaribu mara mbili nikajing'ata ulimi, kwa hiyo mimi namwita Masumbuko. Na ulanzi hauongezi akili ya mtu. Babu yako aliufanyia utafiti maisha yake yote.

Sasa tatizo. Nilikwenda na yule mbuzi wako mpaka chini ya reli, Masumbuko akatokea. Simu ikaniuliza: Pigana au Kimbia? Remmy, nani alikulea wewe? Umesema mwenyewe ni wa kale kuliko nyota. Mtu mkubwa kiasi hicho nimpige kabla ya salamu? Nikamwamkia. Kimya. Nikasema labda masikio ni mazito, nikamwamkia tena kwa nguvu mpaka mama Rosemary akaitika kutoka shambani kwake. Nikaiweka simu mezani, nikaendelea kuchambua maharage huku nikimsubiri, kwani wazee huchelewa kujibu. Jioni Idda akaikuta simu imezima, chaji imekwisha.

Masumbuko hajaitika hadi leo. Ama umemlea vibaya, ama hukumpa kinywa. Angalia.

Bibi yako, mke mkubwa,
Dorika


Makambako, 3 Machi 2024

Bibi yangu,

Shikamoo, na nakuomba usimwamkie mtu kwa nguvu kiasi hicho, utaumiza koo. Mimi mzima, Noela mzima, ingawa alipoisoma barua yako alicheka mpaka akamwaga rangi juu ya bango la watu.

Tumelibadilisha gemu lote kwa sababu yako. Kile kitufe cha Pigana tumekitoa. Sasa kuna Salimia. Ukimwamkia Masumbuko (ndiyo, jina limepita, Noela alilipigia kura mara mbili) na yeye akakuitikia marahaba, basi hawezi kukula tena. Nani anamla mtu aliyekwisha kumwitikia? Halafu unaendelea kumuuliza: za nyumbani, za watoto, za mifugo, baridi mnaionaje huko kwenye nyota. Tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kumuuliza. Kila akijibu anapungua, mpaka anakuwa mzee tu aliyekaa kwenye reli, anataka mtu wa kuzungumza naye.

Tumeongeza mchezaji wa tano, bibi mwenye kikapu na kitenge. Anaitwa Bibi Dorika. Nataka aamkie kwa sauti yako, kwa sababu sijasikia mtu anayesalimia kama wewe. Huku watu wanarusha salamu wakipita, wewe unasimama na kuikabidhi. Baada ya Pasaka nitakuja na kinasa sauti. Mwezi wa nane kuna onesho la kazi za vijana ukumbini huko huko Njombe, na tumepata meza.

Mjukuu wako,
Remmy


Njombe, 9 Aprili 2024

Mume wangu,

Kamwene. Pasaka imepita vizuri. Tuliimba wimbo mpya, na sisi wa sauti ya pili ndio tuliowabeba wengine, wala sijisifu, uliza yeyote.

Sauti nitakupa, tena bure. Lakini ngoja kidogo. Hiki kivimbe kimeanza kunibana nikilala, na daktari anataka kukitoa. Ni kazi ndogo. Usije, utanililia wodini unitie aibu mbele ya manesi. Idda yupo, na chakula atanipikia, Mungu anisaidie. Nikitoka nitakuwa na shingo kama ya msichana, ndipo uje na mashine yako.

Mwambie huyo Noela amchoree Bibi Dorika viatu. Nimeona yuko peku. Mimi sitembei peku.

Bibi yako,
Dorika


Makambako, 2 Juni 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Hujambo? Kidonda kimepona? Nauliza kwa barua kwa sababu simu zangu zote anapokea Idda. Mara umelala, mara uko bafuni, mara umekwenda kumwona mama Rosemary. Hata zile za Jumapili baada ya ibada, ambazo hujawahi kuzikosa. Na gunia la mwisho lilikuja bila barua. Nililimwaga lote sakafuni, nikapekua kiazi kimoja kimoja.

Kisha Jumapili iliyopita, Idda akiwa bado anatafuta uongo wa kuniambia, nikasikia nyuma yake sauti ya mwanaume. Nzito, ya kukwaruza. Ikasema, "Mwambie nimelala."

Bibi! Mimi huku nakula viazi vyangu kwa uaminifu, kumbe wewe umeingiza mwanaume ndani ya nyumba? Ni nani huyo? Ana mashamba? Anaimba kwaya? Nijibu haraka kabla sijaja na mbuzi wangu kumtoa.

Mume wako mwenye wivu,
Remmy


Njombe, 12 Juni 2024

Remmy,

Kamwene.

Mwanaume uliyemsikia ni mimi.

Kivimbe kimetoka salama na kidonda kimepona. Daktari alinieleza mapema kwamba mshipa wa sauti umepita hapo hapo, na kwamba jambo hili huweza kutokea. Limetokea. Sauti niliyobaki nayo ni ya gogo linaloburuzwa. Wanasema inaweza kurudi kidogo, au isirudi.

Mtoto wa mama Rosemary aliniamkia njiani, nikamwitikia, akakimbia analia. Tangu siku hiyo napita njia ya nyuma ya shamba nisikutane na watu. Kanisani nakaa benchi la mwisho na natoka kabla ya wimbo wa kufunga. Watu wanadhani nimeanza kiburi. Wananiamkia, nainamisha kichwa, napita. Unajua mwenyewe huku kwetu mtu asiyeitikia salamu anaonekanaje. Mimi ndiye niliyekufundisha. Inaniuma, Remmy, kuliko kilivyouma kisu.

Tafuta bibi mwingine wa gemu lako. Viazi vya safari hii ni vidogo, mvua ilizidi.

Bibi yako


Makambako, 18 Juni 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Nasubiri marahaba yangu, hata ya kuandikwa.

Nisamehe utani wangu. Nilipoisoma barua yako nililia dukani, mteja akadhani nimeharibu vyeti vyake. Nilitaka kupanda gari jioni ile ile. Noela akanizuia, akasema mtu aliyejificha haendewi ghafla, anabishiwa hodi kwanza. Basi hii ndiyo hodi.

Kuna jambo nimeliandika na kulichana mara kadhaa. Masumbuko hana sauti. Tumejaribu kila namna. Nimepiga kelele ndani ya pipa. Noela amerekodi mashine ya kukoboa mahindi. Tumepunguza, tumeongeza, lakini kila mara anasikika kama mtu mwenye mafua. Ila ile sauti niliyoisikia kwenye simu, kabla sijajua ni yako, ilinisimamisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekuwepo kabla yetu sote na hana haja ya kupiga kelele.

Nataka Masumbuko aitikie kwa sauti yako.

Ninajua ninachoomba. Namwomba bibi yangu awe zimwi. Ukikasirika una haki, na ukikataa gemu litakwenda ukumbini likiwa bubu, nami nitaendelea kuwa mume wako. Lakini bibi mwingine sitafuti.

Mjukuu wako anayekupenda,
Remmy


Njombe, 22 Julai 2024

Mume wangu,

Marahaba.

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima, najua umeteseka, ni vizuri. Siku ya kwanza nilikasirika hadi nikamenya viazi vya kulisha jumuiya nzima. Niliyemfunga nepi leo ananiita zimwi! Idda alikula viazi siku tatu bila kuuliza.

Halafu nikamkumbuka Masumbuko alivyokaa siku ile kwenye simu mezani. Ameamkiwa tangu asubuhi, watu wanamsubiri, na hana cha kuitikia. Nilimcheka sana. Nilimwita mtu asiye na adabu. Sasa nimekaa kwenye kiti chake, na nimeona kwamba wala hakuwa na kiburi.

Nina masharti. Masumbuko asiwatishe watoto halafu basi. Aitikie kila anayemwamkia, bila kuchoka, hata mbuzi. Awaulize kama wamekula. Na ulanzi utoke, tangawizi ibaki.

Njoo Jumamosi na mashine yako. Noela naye aje, nimwone. Ukifika usinipe pole, na usinitazame shingo. Niamkie tu kama siku zote. Nitajaribu.

Bibi yako, mke mkubwa,
Dorika


Njombe, 17 Septemba 2024

Mume wangu Remmy,

Kamwene, na Noela mpe yake. Hapa ni wazima sote, hata yule jogoo mkorofi.

Nakuandikia haraka, gari la viazi linaondoka. Nilitaka ujue ulichonifanyia. Tangu lile onesho la ukumbini, watoto wa hapa wote wana gemu lenu, na sauti yangu ndani yake, kwenye simu za mama zao. Asubuhi nikitoka nawakuta wamejipanga njiani. "Shikamoo, Masumbuko!" Mimi nasimama, naweka kikapu chini, nawaitikia kwa sauti yote niliyonayo: "Marahaba, wajukuu zangu, mmekula?" Wanakimbia wakipiga mayowe ya furaha, wanazunguka nyumba, wanarudi kuniamkia upya. Kiongozi wao ni yule wa mama Rosemary aliyelia. Njia ya nyuma ya shamba imeota majani. Sokoni nachelewa kila siku kwa sababu ya kuitikia.

Kwayani nako nimerudi. Mwalimu Methusela alinisikiliza, akakuna kichwa, akanihamishia sauti ya nne, kwa wanaume. Nimesimama kati ya Clemens na Rodrick nikiwa na kitenge changu. Walikuwa wavivu sana wale, wananung'unika tu huko chini. Sasa wananifuata mimi. Jumapili nilibaki mpaka wimbo wa kufunga, na baada ya wimbo nikalia kidogo, kwa furaha, wala sioni haya kukuambia.

Mlipokuja, Noela aliosha vyombo bila kuambiwa, na anacheka kwa sauti. Mimi nimekubali kuwa mke mkubwa. Wewe usizubae.

Katika gunia hili nimeweka na maharage. Barua hii usiijibu. Jumapili baada ya ibada piga simu, na usimpigie Idda, nipigie mimi. Simu yangu nimeiweka chaji mwenyewe. Niamkie, halafu nyamaza usikilize.

Bibi yako,
Masumbuko