Mnyororo wa Hamadi

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu nyingi toka Keko. Sie wazima, na goti la bibi yako limepoa.

Umeuliza umchagueje mwenzio wa kwenda naye Mbeya kwa baiskeli. Usitazame miguu yake! Miaka ya tisini nilipania kufika Tanga, nikawajaribu maseremala wenzangu wawili kwenye kilima cha Madale. Juma alipaa, akaniita toka juu: "Kanyaga, braza!" Pumzi zilinikatika, nikashuka nikawa nasukuma. Hamadi, aliyekuwa na nguvu kuliko Juma, naye akashuka. "Mnyororo wangu umelegea," akasema.

Tuliporudi karakanani niliukagua mnyororo ule kwa siri. Ulikuwa umekaza vizuri kabisa.

Tanga nilikwenda na Hamadi. Na huo mnyororo sijamuuliza mpaka leo.

Babu yako