Sita kwa Kumi Kutoka Kisarawe

Isihaka, nimeshushwa Kisarawe sasa hivi na lori la askari. Mimi!

Unakumbuka gazeti lililosema kati ya kila wahalifu kumi wa Dar es Salaam, sita kwao ni Kisarawe? Nilikwenda kuwauliza wenye gazeti nani aliyewahesabu, na beti nane mfukoni za kuwajibu. Sikufika hata mlangoni. Nilikamatwa njiani kwa kukosa stakabadhi ya kodi ya kichwa. Nilikuwa nimeiacha kwenye koti jingine!

Kituoni tukapangwa mstari. Karani anauliza, "Kwenu wapi?" Wa kwanza, lafudhi ya Kisukuma kabisa: "Kisarawe." Wa pili, Mmakonde mwenye chale usoni: "Kisarawe." Sita walionitangulia, wote Kisarawe!

Nikafoka, "Waongo hawa! Waulize kijiji cha Kurui huko Kisarawe kiko wapi!"

Msukuma akanipiga kiwiko. "Nyamaza, bwana mdogo. Kila mtu anarudishwa kwao. Nikisema Mwanza napakiwa treni. Kisarawe ni hapo tu, kesho nimerudi kwa miguu."

Hiyo ndiyo hesabu yao, Isihaka! Hiyo!

Nikamweleza karani yote. Akasema, "Mimi naandika ninachoambiwa. Haya, wewe kwenu wapi?"

Ningesema nini? Nilisema kweli: "Kisarawe." Mstari mzima ukaangua kicheko.