Mlevi Wako Alivyofufuka Mjini

Perisi, dada yangu,

Tangu tukuzike nilikuwa na hasira nawe. Mtu anakufaje na onyesho liko mlangoni? Leo hasira imeisha. Nina habari.

Unakumbuka wale wafadhili wa sanaa wa mjini walisema watalipia darasa letu la vikaragosi mwaka mwingine, mradi sisi tunaoanza tucheze mbele yao waone tumejifunza. Ulipoondoka, akina mama hapa Waithaka wakasema basi, darasa limezikwa pamoja na mwalimu wake. Nikakataa. Mimi, ninayetetemeka hata kusoma matangazo kanisani! Nikamvaa mkononi yule kikaragosi wako mlevi, mwenye pua iliyokandwa kwa gazeti na uji, tukapanda basi.

Ukumbi ulijaa. Tukajificha nyuma ya pazia, vikaragosi juu, mchezo ukaenda vizuri mpaka pale pasta anapomwombea mlevi aache pombe. Pasta alikuwa mkononi mwa Jerida wa kwaya. Unamjua Jerida. Aliposema "Tuombe," akasahau ni mchezo. Akaombea wasafiri, akaombea wagonjwa, akaombea goti lake, na mwenye nyumba wake apewe moyo wa huruma. Na sisi wengine? Tulifumba macho, kama tulivyolelewa. Mikono ikalegea pole pole. Nikasikia watoto wakipiga kelele, "Mlevi amekufa! Amekufa!"

Kufumbua macho, mlevi wako ananing'inia juu ya pazia, kichwa chini. Jerida akachungulia kwa jicho moja, akapaza sauti: "Na huyu, Baba, mfufue sasa hivi, wageni wanatazama!"

Watu wakaangua kicheko. Nikamwinua, lakini maneno yote yalikuwa yamenitoka. Nikafungua kinywa tu, ikatoka ile sauti yako ya kukwaruza: "Nimefika mbinguni nikaulizia chang'aa. Wamesema hawauzi. Nimerudi."

Mungu anisamehe. Ukumbi ulicheka hadi viti vikalia. Mimi nililia nyuma ya pazia, Perisi. Ilikuwa sauti yako kabisa.

Mkubwa wa wafadhili akaja nyuma akijifuta macho. "Pesa mtapata. Lakini bila mwalimu siwezi. Mwalimu ni nani?"

Jerida akadakia: "Si huyu hapa!"

Nikatazama. Vikaragosi vyote vinaninyooshea mikono mimi, pasta akiwa mbele. Mimi niliyeachia shule darasa la nne! Nilitaka kukataa, lakini mlevi wako akainamisha kichwa, akakubali. Wallahi sikumtuma... ona, hata kuapa nimeanza.

Jumamosi wanakuja wanafunzi wapya, wengine kutoka Muthangari. Nakuahidi nitawafundisha yote uliyonipa, kukoroga uji, kukunja pua, kumpa kila mmoja sauti yake. Na moja la kwangu: pasta wa mkononi akisema tuombe, macho wazi.

Pumzika, dada. Bwana akikuamsha, niite nami.

Wako, Dorika