Mvua Kwanza

Jumapili, 6 Novemba 1955. Meru

Nimechinja wawili alfajiri. Maksai wa Timau, mnono, na mmoja wa hapa, mifupa mitupu. Nyama imekwisha kabla ya adhuhuri. Visu nimenoa, bucha namwachia mke wangu Rukia na kaka yake. Ole wao wakiuza maini kwa bei ya utumbo.

Kesho Embu. Gazeti la Nairobi limetuita sisi tunaolipelekea habari bila kuajiriwa, tufundishwe kazi. Wiki nzima. Pasi ya kusafiria nimepata, ina mhuri. Rukia ananicheka, ati mwanafunzi mwenye ndevu. Halima hakucheka. Huyu ni mke wa Idi, mdogo wangu. Ameniomba niwaulize watu wa gazeti kama wamesikia lolote juu ya mumewe.

Idi askari walimkamata Timau kabla ya Ramadhani. Lori lake lilikuwa na unga, wakasema unga ni wa watu wa msituni. Tangu hapo kimya. Hatujui yuko kambi gani. Hatujui kama yu hai. Nimeahidi kuuliza, na naogopa kuuliza.

Jumatatu, 7 Novemba. Embu

Njia nzima kuonyesha pasi. Homgadi mmoja, mgambo wa serikali, aliishika kichwa chini miguu juu, akaisoma sana, akaniruhusu.

Nalala chumba kimoja na Njagi, mwalimu wa shule wa huku huku Embu. Anakoroma. Anayetufundisha anaitwa Bwana Kombo, mtu wa Mombasa, mwembamba, kikohozi hakimwachi. Nilitegemea jitu. Nikasema moyoni, hiki ndicho kimetoka Nairobi?

Kisha akakaa kwenye taipu. Anapiga bila kutazama vidole, huku anatuuliza tumekula nini njiani. Alipoitoa karatasi, maneno yetu wenyewe yamo, safi, hakuna kosa. Tulisimama tukamzunguka. Hakuna aliyekohoa isipokuwa yeye.

Jumanne, 8 Novemba

Nimeumbuka leo.

Kila mtu aliambiwa aandike habari moja ya kwao. Mimi nikaandika ya lori lililotumbukia mto Kathita. Nikaanza vizuri, kwa adabu. Mvua ilivyokuwa. Mahindi. Soko la mbuzi. Nani alikuwa amealikwa kwenye harusi ambayo lori lilikuwa likiiendea. Mwisho kabisa nikasema lori lilitumbukia na watu wawili wakafa.

Bwana Kombo alisoma kimya. Akauliza kwa nini maiti wamekaa mstari wa mwisho. Nikamjibu kwamba sisi ndivyo tunavyopasha habari. Huwezi kumrukia mtu na kifo. Wenzangu wakaitikia, kwa sababu wote walikuwa wameandika vivyo hivyo. Hata Njagi, pamoja na cheti chake cha ualimu. Katika habari yake nyumba ziliungua ukurasa wa pili.

Akachukua penseli. Mstari wangu wa mwisho akaupandisha juu. Mvua akaifuta. Harusi akaibakiza maneno matatu. Akasoma kwa sauti, na mwili ukanisisimka. Lori likaanguka palepale mbele yetu. Nimeshika kisu tangu ujana na sijaona kinachokata hivyo.

Jumatano, 9 Novemba

Sokoni Embu mchana kutwa. Tunasikiliza watu, tunarudi, tunasema jambo kwa pumzi moja. Nani, nini, wapi. Mzee alinieleza ugomvi wa mpaka wa shamba kuanzia kwa babu yake. Nikautoa wote kwa sentensi moja. Bwana Kombo alisema, "Bwana Nyama ameshika." Hilo ndilo jina langu hapa. Nimevimba kichwa, nakubali.

Jambo hili limenishangaza mno. Dunia nzima unaweza kuichuna ikabaki mnofu tu. Nasikia watu wakisalimiana nawakata kichwani. Hata Njagi alipoanza kunieleza ndoto yake nilimwambia aanze na mwisho. Amenuna.

Jioni nikamwuliza Bwana Kombo juu ya Idi. Akasema majina ya walio kambini hayafiki kwao, na hata yakifika hayachapwi. Ataulizia. Hakunidanganya, nimempenda kwa hilo.

Kabla ya kulala nikajaribu kichwa cha habari. Idi amerudi. Maneno mawili. Nikakaa nayatazama.

Alhamisi, 10 Novemba

Hamisi wa Maua, anayesafirisha maharage, amepita hapa na ujumbe. Leo anarudi Meru, kesho anamleta Mama kwa lori lake. Amepata pasi kwa chifu. Hakumwambia Hamisi ni kwa nini.

Mama hajawahi kufika Embu. Hajawahi kuomba pasi ya kwenda popote.

Masomo sikuyasikia. Chakula nimempa Njagi.

Ijumaa, 11 Novemba

Naandika ili nisisahau ilivyokuwa.

Nimetoka msikitini nikamkuta Mama amekaa kwenye benchi nje ya ukumbi wa masomo, khanga ya kijani, kikapu magotini. Nduma za kuchemsha. Akataka nile kwanza. Nikala. 

Kisha akaanza na Nkubu, kwenye mashamba yetu. "Nkubu mvua imenyesha tangu Jumatatu. Mahindi imesimama." Nikamkata. Wiki nzima nimefundishwa kukata. Nikamwambia, "Mama, Idi yu hai ama hayupo? Sema hilo kwanza."

 Akanitazama usoni kwa muda. Hakukasirika. Akaanza upya. "Nkubu mvua imenyesha tangu Jumatatu."

Nikafunga mdomo. Mahindi yamesimama. Ile ng'ombe nyeusi imezaa, ndama jike. Rukia ni mzima, mguu wake umeacha kuvimba. Watoto wa Idi kikohozi kimewaacha, yule mkubwa sasa anajua kukama. Mjomba amekata kipande cha shamba kule Nkubu, cha maharage, amesema ni cha watoto hao. Paa la jiko la Halima limezibwa. Alisema kila kitu polepole, na baada ya kila kimoja alisubiri niitikie. Nikaitikia. Eeh Mama. Eeh Mama.

Kwenye lile shamba la mjomba ndipo nilipojua. Hakuwa anachelewesha. Alikuwa ananionyesha kilichobaki, kimoja kimoja, nikishike kabla hajanionyesha kilichoondoka. Alipofika mwisho nilikuwa nimeshakaa chini, kwenye udongo, karibu na miguu yake. Sikumbuki kutoka kwenye benchi.

"Idi hatarudi, baba," akasema.

Ugonjwa wa tumbo, kambini. Amezikwa hukohuko. Mtu wa Igoji aliyefunguliwa ndiye aliyemletea mjomba habari, na mjomba akamwambia Mama siku ya Jumanne.

Jumanne. Siku nne amekaa nayo. Na Idi ni mtoto wake, amemzaa yeye. Nani aliyemtandikia yeye mvua na ndama? Hakuna. Mjomba si mtu wa maneno. Amekuja nayo juu ya magunia ya maharage kutoka Meru, na sauti yake haikutikisika hata mara moja mpaka nilipoitikia mara ya mwisho. Hapo ndipo alipolia. Nikamshika.

Sijawahi kumwogopa Mama hivi. Namaanisha kumwogopa kwa heshima, kama mtu aliyefanya jambo nisilodhani binadamu analiweza.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Halima hajui bado. Mama amesema ni juu yangu, mimi ndiye mkubwa wa Idi.

Jumamosi, 12 Novemba. Meru

Asubuhi nikamuaga Bwana Kombo, nikamweleza.  Akasema baba yake alipokufa yeye alikuwa Nairobi, akapata simu ya maandishi yenye maneno matatu. Aliisoma akiwa amesimama posta. Hajui mpaka leo alitokaje mle ndani. Akanipa mkono, akaushika muda mrefu. Njagi alinibebea mfuko mpaka kwenye lori. Bado nampenda Bwana Kombo na kazi yake. Kwa gazeti nitaandika alivyonifundisha.

Tumefika alasiri. Maalim wa msikiti nimemwambia, kesho tutamswalia Idi swala ya asiyekuwepo.

Halima alikuwa mlangoni anachambua mchele. Alipotuona wawili akasimama, sinia mkononi. Akaniuliza kama watu wa gazeti wamesema lolote. Nikamwomba akae. Mama akaingia jikoni akatia uji motoni, tukangoja Halima anywe. Alikunywa kidogo kidogo huku ananitazama.

Nikakaa karibu naye, nikamwambia Nkubu mvua imenyesha tangu Jumatatu, na mahindi yamesimama.