Pampu ya Gari la Kaka Yako

Rahaleo,
Mtwara.
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Jafari,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Sharjah, wewe na mkeo Husna na watoto. Kifua kimepona? Mara ya mwisho ulikuwa unakohoa kwenye simu ukasema ni kiyoyozi. Mimi nasema ni sigara, na wala sitaki unijibu. Joto la huko sasa najua ni kali, basi usishinde juani kwenye yadi yenu ya magari mabovu bila kofia.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Magoti yangu ni yale yale. Idi imepita salama, mbuzi tulichinja kwa kaka yako Mustafa, na fungu lako nililila mimi kwa niaba yako. Mikorosho imeanza kutoa maua na wapuliziaji wanapita na mashine zao za salfa. Nilidhani nikistaafu kule kwenye utafiti Naliendele nitapumzika na habari za korosho, lakini kila asubuhi jirani mmoja ananigongea na majani mkononi nimwambie yanaumwa nini.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi. Jambo hili ni refu, na kwenye simu wewe husema "sawa dada" kabla sijafika katikati. Nimempa Rebeka, binti wa jirani, anayekuja huko kuanza kazi. Usimwache aondoke kwako bila kula.

Jambo lenyewe ni Mustafa na ile Selika yake. Unaikumbuka vizuri, gari la spoti la mwaka themanini na tatu, milango miwili, njano, taa zinazofumbuka kama macho ya chura. Ile uliyoipeleka mtaroni mara moja ukasingizia ng'ombe.

Tangu apigwe na kiharusi mwaka juzi, gari hilo ndilo lililokuwa daktari wake. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kabisa, unajua. Tulimkanda, tukampa kimpira cha kubinya, hakikumfurahisha hata siku moja. Lakini siku alipoweza kuzungusha usukani kutoka hapa mpaka Magomeni na kurudi, aliingia ndani akanawa, akakaa kwenye sinia pamoja nasi na akala kwa mkono wake wa kulia. Kuanzia hapo kila Ijumaa baada ya sala alikuwa anaendesha peke yake mpaka Mikindani, ananunua samaki hata kama nyumbani wapo.

Basi wiki mbili baada ya Idi ya Mfungo Mosi, usukani ukaanza kuwa mzito. Alirudi Ijumaa hiyo shati limelowa jasho. Ijumaa iliyofuata alishindwa kulitoa gari getini. Akalifunika turubai, akaja kukaa barazani, akaniambia, "Mkono umekwisha, dada. Ugonjwa umerudi."

Sikufichi Jafari, niliogopa. Tulimpeleka hospitali, daktari akampima akasema mkono uko vile vile kama wa mwezi wa tatu. Hakuamini. Alisema madaktari wana maneno yao ya kuwaliwaza wazee. Kimpira akakitupa uvunguni. Akaanza kula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na kwa sababu anaona aibu akamwambia mkewe Somoe amtengee chakula chumbani. Siku ya Idi, nyumba imejaa wageni, mwenye mbuzi alikula peke yake mlango umeegeshwa. Nilimwona kupitia upenyo. Mimi niliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Nilirudi jikoni nikakaa karibu na moshi ili nikilia watu wasiniulize.

Halafu nikasikia anauza gari. Mtu wa Masasi alikuwa aje kuliona leo hii Jumamosi.

Jumatatu nikaenda kuliosha, maana sikutaka liuzwe na vumbi kama limeokotwa. Nikamwita na fundi Americo wa Magomeni, yule mtoto wa Bi Felismina, wale waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mustafa hakuwa amemruhusu fundi yeyote kuligusa, alisema gari halina kosa, mwenye kosa ni yeye. Siku hiyo alikuwa amelala. Americo akafungua boneti, akafungua kikopo cha mafuta ya steringi, akaniita nione. Badala ya yale mafuta mekundu mepesi, kulikuwa na kitu cheusi kinachovutika kama ulimbo. Pampu ya pawa steringi, ile inayosukuma mafuta ili usukani uwe mwepesi, ilikuwa imekwama kwa huo uji.

Americo alidhani ni oili ya gia. Mimi nilichovya kidole nikanusa, na kabla ya adhuhuri ngozi ilikuwa imeanza kubabuka. Miaka ishirini na sita nimekaa na korosho, siwezi kuyakosea. Yalikuwa mafuta ya maganda ya korosho. Yanaunguza mtu, na yakipata moto yanaganda.

Sasa nyumba ile ina dumu moja tu la mafuta hayo, Mustafa aliyapata ili yapakwe kwenye nguzo za banda la kuku mchwa wasizile. Nilipomuuliza Somoe alikaa chini palepale uani. Ilikuwa hivi. Alimsikia mumewe akisema mafuta ya steringi yamepungua, atafute ya kuongeza. Akakumbuka lile dumu la storini, akaona rangi inaelekeana, akayachuja kwa kitambaa safi, akamimina mpaka kwenye alama. "Wifi, nilitaka tu asiiname," aliniambia. Unajua kuinama kulivyokuwa kunamtesa Mustafa.

Hakujua kabisa. Miezi miwili amekuwa akimpikia mume uji na kumwombea dua, kumbe dawa iko chini ya boneti. Alinishika miguu akasema, "Wifi, nisitiri." Nikamsitiri.

Na hapa nikiri kosa langu, maana nimekuandikia ili niseme ukweli. Nilipanga nikupigie simu kwa siri utume pampu, Americo aifunge Mustafa akiwa msikitini, kisha tumwache aamini kwamba mkono umepona wenyewe. Nilijiona nina akili sana. Siku tatu nilizunguka na mpango huo kama mtu aliyeficha peremende.

Alhamisi asubuhi nilimpelekea chai nikamkuta anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameuweka pajani, ametulia nao kama mzigo wa mtu mwingine aliyeomba amshikie. Mwezi wa tatu mkono huo ulikuwa unafunga vifungo. Niliona kwamba tukisubiri pampu ifike, huenda tukapata usukani mwepesi na mtu asiye na mkono wa kuushika. Nikaenda jikoni nikamwambia Somoe kwamba sitamsemea, lakini sitanyamaza kupita Ijumaa.

Hakusubiri hata chai ipoe. Alilitoa dumu storini, akaliweka mbele ya mumewe mkekani, akayasema yote akiwa amesimama. Mimi nilikuwa mlangoni. Mustafa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba sahani, akamwambia amimine kidogo, akaiinamisha huku na huku akiyatazama yanavyotambaa.

"Ulitia kiasi gani?"

"Mpaka kwenye alama."

"Kumbe," akasema. Akarudia tena, "Kumbe." Halafu akamtazama mkewe. "Na nguzo zangu je, umezipaka nini?"

Somoe akaangua kilio. Mustafa hakumnyamazisha, alisogea tu akampisha mkekani. Basi mimi nikatoka, kuna mambo si ya dada.

Baadaye akataka Americo aitwe. Akamkalisha kwenye usukani, injini ikawashwa, akamwambia azungushe. Unamjua Americo, gia boksi anaibeba kifuani bila msaada. Usukani ulikwenda kidogo, mishipa ya shingo ikamsimama. Mustafa alikuwa dirishani na mkongojo wake, hatazami usukani, anatazama uso wa Americo unavyotoka jasho. Akamwambia arudie. Nafikiri angemwacha afanye hivyo mpaka magharibi.

Tangu hapo hatuna utulivu, lakini ni jambo la heri. Yeye na Americo wanagombana kuhusu pampu ya kufunga. Americo anataka afunge ya lori la Kanta kwa sababu inapatikana hapa mjini. Mustafa anasema hiyo inasukuma mno, usukani utakuwa kama kijiko kwenye chai, hutaisikia barabara mpaka uko mtaroni. Zipo mpya za kuiga huko Dar es Salaam, lakini puli zake, yale magurudumu ya mkanda, zinakaa mbele kidogo na mkanda utalika. Jirani alileta habari za pampu ya umeme, akaulizwa kama na dinamo ya kuilisha umeme ataleta yeye. Mimi nikasema si mtafute iliyo nyepesi kuliko zote, mkono upumzike. Nikaambiwa nirudi kwenye korosho zangu.

Lakini alinieleza baadaye, kwa sauti ya chini. "Dada, nataka uzito ule ule niliokuwa nao. Ukizidi wepesi, sitajua kama ni mkono wangu au ni pampu." Tangu aseme hivyo sina tena shauri la kutoa.

Kwa hiyo tafuta iliyotumika, ya gari kama lile lile na injini ile ile. Americo anasema uzungushe shafti kwa vidole, iende laini bila kukwaruza, kisha uitikise, na ikicheza iache. Iliyopakwa rangi mpya usiiguse, rangi inaficha mengi. Lete na sili mpya za kuzuia mafuta yasivuje na ule mpira unaopitisha mafuta kwa nguvu. Boksi la usukani ameshalifungua na kulisafisha, limepona. Mafuta mekundu tutanunua hapa, na yatakaa chumbani kwangu.

Yule mtu wa Masasi tumempigia asije. Alikasirika kidogo.

Nakuomba jambo moja. Ukipiga simu, msalimie Somoe kwanza kabla ya kaka yako, na usimtanie habari hii mpaka yeye aanze. Nakujua mdomo wako.

Bi Felismina anakusalimu sana, anauliza lini utakuja ule tena mihogo yake. Jirani Faraji na mkewe wanakusalimu, na Americo pia. Nibusie watoto mmoja mmoja, na mwambie Husna kitenge chake ninacho, nasubiri mtu wa kuaminika kuliko wewe.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya pili. Ni mchoro wa pampu yenyewe, mbele na ubavuni, na vipimo vyote. Kaka yako ameuchora jana kutwa. Mtu aliyefundisha uchoraji wa ufundi miaka thelathini, duara la puli limemtoka kama yai, na mistari yote inatetemeka. Alichana minne, huu ni wa tano. Americo amepima kila namba aliyoandika na hakuna iliyokosea. Ameuchora kwa mkono wa kulia, Jafari. Nunua pampu kwa kuufuata, halafu unirudishie, usiukunje zaidi ya nilivyoukunja mimi.

Mola akulinde na kila la shari, akupe riziki ya halali na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mwanaidi