Kanga Katikati ya Viti

Rehema mdogo wangu,

Huku mvua haijapumzika tangu nifike. Jana, kijijini Kabungu, mama aliyekuwa akitokwa damu alikataa kupanda Landrova ya kwenda hospitali Mpanda. Ndani alikaa mume wa bintiye, mkono umevunjika, na huku mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Dereva akafoka, “Mama we, damu inakwisha, bado unashika heshima?”

Nesi, mgeni kutoka Tanga, hakubishana. Alitundika kanga katikati ya viti, akamwambia kijana, “Kaka, geukia dirishani, usikohoe.” Mama akapanda.

Leo yule kijana alikuwa amesimama nje ya wodi, haingii. Akaniomba nimwulizie hali ya mama mkwe wake. Nilipomwambia yu hai, akaketi palepale matopeni.

Mungu awatunze nyie wote nyumbani.

Kaka yako,
Saidi