Koti la Mistari

4 Aprili

Kwa binti yangu mkubwa,

Salamu kwanza, hasira baadaye. Hujambo, mama? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi ni mzima, mikono haitetemeki, na watu bado wanaketi kwenye kiti changu na kunikabidhi vichwa vyao bila woga.

Sasa hasira. Wakwe wa mdogo wako walikuja Jumapili kupanga harusi. Tulizungumza vizuri, tukacheka, mpaka tukafika kwenye swali la nani atamwingiza bibi harusi ukumbini. Mama wa bwana harusi akaweka kikombe chini, akasema kwa sauti ya asali, "Tumeona baba yake mdogo ndiye amshike mkono. Amenyooka, picha zitapendeza. Baba mwenyewe atakaa mbele, asije akachoka."

Asije akachoka! Mimi kinyozi, ninayesimama kutwa! Mdogo wako aliinama, machozi yakamdondoka mapajani. Na baba yako mdogo, badala ya kukataa, akaanza kunyoosha tai yake.

Nimewaambia binti yangu nitamwingiza mimi, na kibiongo changu tutaingia nacho, maana hakina pengine pa kukaa. Kwa hiyo nishonee koti. Haya ya dukani yananibana mgongoni, na nyuma yanainuka kama mkia wa jogoo. Harusi ni mwisho wa Juni.

Baba yako

15 Aprili

Shikamoo baba,

Kikohozi kimekwisha. Barua yako niliisoma kazini, na kwa hasira nikaunguza blauzi ya mteja kwa pasi. Kingine kinachoniuma ni kwamba bosi amekataa kunipa ruhusa. Anasema Juni ni msimu wa harusi, duka halipumui. Nitashona nguo za harusi za watu, ya mdogo wangu niisikie kwenye barua.

Lakini koti niachie mimi, ndiyo kazi yangu. Mwenye tumbo namweka mbali na mikanda. Mwenye nyonga pana nampa sketi inayomwagika. Mfupi namkataza suruali za kukunja. Wewe utavaa jeusi, refu kidogo. Nitaweka sponji kwenye bega lililoshuka, na nyingine chini ya shingo, kusawazisha. Ukisimama pale hakuna atakayejua.

Mdogo wangu akupime. Mgongoni futi ipite juu ya kibiongo chenyewe, isizunguke pembeni. Asione haya.

Mwanao

20 Mei

Mama,

Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea, ila mdogo wako amekonda kwa mawazo.

Koti limefika. Nililivaa mbele ya kioo changu cha kazini nikamwona mtu amenyooka. Nikageuka huku na huku nikimtafuta yule aliyewalea nyinyi, sikumwona. Kisha nikainua mkono nilivyozoea kushika mkasi, sponji ikapanda mpaka sikioni. Mteja aliyekuwa kitini alicheka hadi povu la sabuni likamwingia mdomoni.

Sponji zako nimezitoa kwa wembe, zimo ndani ya bahasha hii. Mimi nimenyoa vichwa virefu, vichwa bapa, vichwa vyenye makovu, na sijawahi kumwambia mtu arudi nyumbani akalete kingine. Namnyoa na kichwa chake, na anatoka amependeza. Nawe nishonee hivyo hivyo.

Halafu nataka la mistari. Minene, myeupe, kwenye kitambaa cha buluu. Tangu ujana nimeitamani, na kila fundi alinikatalia.

Baba yako

28 Mei

Shikamoo baba,

Sijambo, ila umenipandisha presha. Mafundi walikukatalia kwa sababu wanajua kazi. Mstari ulionyooka ukipita juu ya kibiongo unapinda. Hata aliyekaa nyuma kabisa mlangoni atauona, na watacheka. Wewe umesahau, mimi sijasahau. Shuleni niliwapiga waliokuwa wakiinama kuigiza mwendo wako, nikarudi nyumbani na sketi imechanika. Leo niketi kwenye cherehani niwashonee kichekesho kwa mikono yangu?

Jeusi bila sponji, sawa. Mistari hapana. Nimesema.

Mwanao, mkaidi kama wewe

6 Juni

Mama,

Salamu. Acha ipinde.

Kitambaa nimenunua mwenyewe. Hiki hapa.

Baba yako

1 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Koti lilifika siku moja kabla ya harusi, bila hata kijikaratasi. Nikajua umenuna. Nilipolikunjua nikakaa chini. Kila mstari umepanda kibiongo na kushuka upande wa pili, na kwenye mshono umekutana na mwenzake bila kukosea. Nikalivaa. Kwa mara ya kwanza maishani nyuma hakukuinuka.

Mlangoni pa ukumbi baba yako mdogo alikuwa ameshasimama na suti yake inayong'aa, kiwiko nje. Mdogo wako alimpita bila kumtazama, akanishika mimi. Tukaenda taratibu, na mtoto huyu mkono wangu hakuuachia.

Mpiga picha akaninong'oneza, "Mzee, geukia huku kidogo, nitauficha mgongo." Nikageuka, nikampa mgongo wote. Nikamwambia, "Piga hapo. Binti yangu mkubwa ameumiza macho kwa ajili ya hapo." Mdogo wako akacheka kwa sauti, naye akageuka nyuma, tukapigwa hivyo hivyo. Nakuletea picha.

Kilikubadilisha nini?

Baba yako

19 Julai

Shikamoo baba,

Sikubadilika. Nilishona huku nimenuna, na siku ya harusi niliogopa mpaka sikula. Lakini ungevaa mistari hata kama ningekataa, na sikutaka fundi mwingine akuharibie mgongo.

Picha nimeitundika juu ya kioo cha kujaribia nguo. Bosi aliniamuru niitoe. Eti wateja huja hapa kuficha miili yao, hawaji kutazama kibiongo cha mzee. Nikamwambia mzee huyo ni baba yangu, na siku picha itakapotoka mimi nitatoka nayo. Hasemi nami tangu juzi. Picha ipo.

Leo amekuja mama mmoja mwenye tumbo kubwa, mteja wangu wa magauni meusi. Nikaanza kumtafutia jeusi kama kawaida. Yeye alikuwa amesimama anakutazama wewe.

"Hii mistari imepinda makusudi?"

"Makusudi."

Akaweka mkoba chini, akanyanyua mikono. "Basi nipime. Na futi yako usiizungushe pembeni. Ipite juu ya tumbo lenyewe."

Mwanao